Msukumaji Anayeachia Kwenye 25

Kijana alinipita kama vile nimesimama. Alikuwa juu ya baiskeli kuukuu ya chuma, kiti chake kimefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na nyuma kuna kile kitanda cha miti wanachofungia magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia. Kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshauza mjini, sasa anarudi kwao. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli ya milimani ya umeme, yenye mota, betri, breki za diski na kioo kidogo kinachoonyesha kila kitu isipokuwa aibu ya mwenye kuiendesha. Kioo kilisema kilomita 26 kwa saa. Alipofika ubavuni kwangu akatazama mota chini ya miguu yangu, akacheka.

"Eh, muzee, moteri imelala?"

Akaenda zake. Nilikanyaga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na kile kitanda cha miti kikazidi kuwa kidogo mbele yangu kwenye barabara ya Kipushi mpaka kikapotea.

Niseme kwanza kwamba huku Lubumbashi, Kongo, baiskeli tunaiita kinga, na nitachanganya majina yote mawili kama ninavyoongea. Niseme pia kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 44 na kitambi cha wastani. Sikuwa natafuta mashindano. Lakini kupitwa na kinga ya makala ukiwa juu ya kitu chenye mota ni jambo linalokunyima usingizi.

Ile hali yenyewe iko hivi. Mpaka 24 kwa saa unajiona kijana. Kila unapokanyaga unahisi mkono mgongoni, na chini ya miguu kuna sauti ndogo kama ya cherehani ya fundi aliye chumba cha pili. Ikifika 25 sauti inafifia. Ikifika 26 ni kimya, na kwenye kimya kile pedali zinageuka kuwa zimekwama kwenye udongo wa mfinyanzi. Unakaza. Namba inasimama hapo kwa pumzi tatu au nne, inateleza mpaka 25, cherehani inaamka, inakusukuma, unarudi 26, inalala tena. Kwenye barabara tambarare unaweza kucheza mchezo huo saa nzima. Mtu wa nyuma yako hataona kitu. Wewe utafika umechoka kuliko aliyekwenda 20 bila mota yoyote, na hutajua kwa nini.

Kinga ilitoka Liège, Ubelgiji. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa baba mkubwa, anaishi kule na alikuwa akipanda nayo vilima vya Ardennes mpaka goti likamkataza. Akaniambia nichukue. Ndege haikuwezekana: betri yake ni ya wati-saa 500, na kwenye ndege ya abiria hupandi na betri inayozidi 160. Basi ikawekwa ndani ya kontena la vipuri vya magari, ikapita bahari hadi Dar es Salaam, ikakata Zambia kwa lori, ikaingilia mpakani Kasumbalesa. Ilichukua miezi. Nilipoifungua uani, kilichonishangaza si mota, ni ile betri. Betri nyingi za namna hii zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu huku, Kolwezi na sehemu za jirani. Nikawaza kwamba huenda vumbi hili lilitoka kwa Kasumbalesa hiyohiyo likiwa ndani ya mifuko, na sasa limerudi limevaa plastiki nyeusi na kutudai chaja. Mke wangu akasema niache falsafa, niiweke ndani kabla mvua haijaanza.

Yaya alinionya mapema kwa sauti zake ndefu za WhatsApp. Kule Ulaya, alisema, sheria inaiita baiskeli pale tu mota yake inapokuwa na nguvu ya kudumu isiyozidi wati 250, inapofanya kazi wakati unakanyaga tu, na inapopunguza msaada mpaka kuukata kabisa kwenye kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo inaingia kundi la vipikipiki. Ubelgiji wana baiskeli za umeme zinazosaidia mpaka 45, ila hizo zinavaa namba na mwenyewe anavaa kofia. Wamarekani kwenye majimbo mengi wamepanga madaraja yao: kuna za maili 20 kwa saa, yaani 32, na kuna za maili 28, yaani 45. Wajapani ndio nimewapenda. Kwao msaada unaanza kupungua ukipita kilomita 10 tu, unashuka polepole, mpaka ukifika 24 umekwisha wenyewe kama sukari ndani ya chai. Hakuna anayeachiwa mkono ghafla.

Yangu ni ya Ulaya. Inaachia ghafla.

Basi nikaanza kuamini jambo ambalo, nimegundua baadaye, wenye baiskeli hizi wengi huanza nalo: kwamba mota ikifika 25 haiachi kusaidia tu, bali inashika. Kwamba mle ndani kuna meno na sumaku ambazo sasa mimi ndiye ninayezizungusha bure. Nilikuwa na ushahidi wangu. Kwanza, uzito kwenye miguu, ambao hauwezi kuwa wa mawazo. Pili, mvumo. Mota ikinyamaza nilikuwa nasikia mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya mzinga, na kadiri nilivyokaza ndivyo ulivyopanda. Nikasema huo ndio mlio wa mota inayoburutwa.

Na si kwamba wazo hilo ni la kijinga. Mota za Bosch za kuanzia 2014 hivi zilikuwa na gia ndogo ya mbele iliyozunguka mara mbili na nusu kila pedali ilipozunguka mara moja, na waliozitumia walihisi kweli ule msuguano wa ndani kila walipopita 25 au walipozima umeme. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitoa mota mpya ya milimani iliyoachana na mpango huo, yenye klachi zinazoitenga mota na miguu ya mwenye kukanyaga. Yaya aliniambia yangu ni ya kizazi kinachojitenga. Sikumwamini. Nani anaamini mtu aliye Liège kuliko mapaja yake mwenyewe?

Nikampelekea kijana mmoja fundi wa simu kule Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi). Hakuwahi kuona mota ya namna ile, lakini dakika kumi zilimtosha kuona kile kidubwasha kinachosoma mwendo karibu na gurudumu la nyuma, na sumaku iliyobanwa kwenye spoku. Akacheka. "Mwalimu, inahesabu tu hii. Tuidanganye." Akatoa sumaku kwenye spoku, akaifunga kwenye mkono wa pedali kwa gundi na utepe. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu. Nikiwa kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, gurudumu huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa hiyo nikienda 24, kinga itafikiri iko kwenye 8.

Jumamosi ile nilijiona mfalme. Nilitoka mjini asubuhi, nikaliacha nyuma lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kilima chake cheusi, nikashika barabara ya Kipushi. Cherehani haikulala. Sina namba ya kukupa, kwa kuwa kioo kilikuwa kinasema uongo tuliokifundisha, lakini nilizipita pikipiki mbili zenye abiria. Nilitamani kumwona yule kijana wa makala.

Kama kilomita 14 kutoka nyumbani kinga ilinishika uongo. Kioo kikawaka alama ya kosa, msaada ukashuka mpaka kuwa kitu cha kuombea. Nilizima, nikawasha. Nikatoa gundi, nikairudisha sumaku kwenye spoku yake huku watoto watano wamenizunguka na kutoa ushauri. Nikampigia yaya. Alinyamaza kwanza, namna ya wakubwa ya kunyamaza, halafu akaniambia kwamba mashine hizi za siku hizi zinalinganisha mwendo na miguu na nguvu, zikiona havifanani zinajua. Na adhabu yake ni dakika 90 za kukanyaga kwa msaada hafifu kabla ya kusamehewa. "Dakika za kukanyaga," akarudia. "Ukikaa chini ya muti hazihesabiwi."

Basi nikageuza kurudi mjini. Ilikuwa Agosti. Anayeijua Lubumbashi ya Agosti anajua upepo wa kiangazi unatoka mashariki, na kutoka Kipushi kuja mjini unaula usoni. Kilomita 14 zile nilizihisi moja moja. Nilikwenda 15, mara 17, mara 13. Na hapo, katikati ya kutukana kimoyomoyo, jambo la kwanza likanigonga: uzito ule ule niliokuwa nausikia kwenye 26, udongo ule ule wa mfinyanzi, sasa nilikuwa nausikia kwenye 17. Hakuna ukomo kwenye 17. Mota haina sababu ya kunishika hapo. Kama kweli ni yeye aliyekuwa akinivuta nyuma kule juu, huku chini ananivuta kwa nini?

Jambo la pili lilikuja na lori. Lilikuwa limejaa matofali ya kuchoma, linakwenda taratibu kwa kuogopa mashimo, likanipita na vumbi lake na nafasi yake ya nyuma kubwa kama ukuta wa nyumba. Nilikanyaga mara kumi kwa nguvu nikaingia nyuma yake. Upepo ukafa. Sijui namna nyingine ya kusema. Ulikuwepo, haupo. Miguu ikawa ya mtoto. Nilitazama kioo ambacho sasa kilikuwa kinasema kweli: 29. Halafu 31. Mota imekata kabisa, haitoi hata wati moja, na mimi nazungusha pedali kama mtu anayekwenda kununua mikate.

Dakika mbili, labda tatu. Lori likakata kona kuingia njia ya vumbi, upepo ukanipiga kifuani kama mlango, na kioo kikashuka mpaka 18 kabla sijamaliza kusema jina la Mungu. (Usifanye. Dereva wa lori hakuoni, na akikanyaga breki kwa ajili ya shimo utayasoma matofali kwa meno. Baba yangu alifanya hivyo miaka mingi na ana kovu la kuonyesha.)

Kama mota ilikuwa inashika, ingeshika pia nyuma ya lori. Hapakuwa na namna ya kulikwepa hilo.

Baba ndiye niliyemkuta uani nilipofika, amekaa kwenye kiti chake chini ya mwembe. Ana miaka 76. Kabla hajapata kazi ya ulinzi alibeba makala miaka tisa, kutoka misitu ya upande ule ule wa Kipushi, kwa kinga ya gia moja. Magunia manne, mara nyingine matano. Alikuwa hajaigusa kinga yangu tangu ifike. Siku ile, labda kwa kuniona nimechakaa, alisimama akajaribu kuinyanyua kwa kiti, akaiacha.

"Inabeba nini hii?"

"Haibebi kitu, baba."

"Basi inajibeba yenyewe."

Ilikuwa kweli. Nimeipima baadaye: kilo 23 na nusu. Nikamweleza yote, udongo wa mfinyanzi, 25, adhabu, lori. Sumaku niliiruka. Alisikiliza huku anabonyeza tairi la mbele kwa dole gumba. Halafu akanisimulia habari ya wasukumaji.

Kwenye vile vilima vifupi vya njiani, alisema, watoto wa vijijini walikuwa wakingoja wabeba makala. Unateremka, unasukuma kinga kwa mikono, nao wanasukuma magunia kwa nyuma, juu unawapa kitu kidogo. Wageni wa kazi walikuwa wanachagua kijana mwenye mabega. Wazoefu walikuwa wanachagua mtoto mdogo. "Yule wa mabega anakusukuma mpaka mikono yako inasinzia. Akifika juu anaachia, anataka pesa yake, na mzigo wote unakurudia umelala. Niliona watu wanaanguka na kinga palepale juu, kilima kimekwisha. Mutoto mudogo akiachia, haujue hata kama ameachia."

Akaketi. Akaomba chai.

Sikulala mapema. Jumatatu nilikuwa na darasa la sita, na badala ya zoezi lililokuwa kwenye kitabu nilichora kinga ubaoni. Kwenye hali ya juu kabisa ya msaada, ile ambayo sikuwahi kuitoa tangu siku ya kwanza, mota yangu inaongeza zaidi kidogo ya mara tatu ya nguvu ninayotoa. Tuseme tatu. Katika kila wati nne zinazoisukuma kinga, moja ni ya kwangu. Kwa uzito wetu wawili, mimi na yeye, na matairi yale mapana, tulikadiria kwamba kwenda 25 kwenye lami tambarare bila upepo kunataka wati kama 180. Zangu 45. Zake 135. Wati 45 ni nguvu ya mtu anayetembeza baiskeli huku anazungumza na simu. Sasa namba inagonga 26. Zinatakiwa kama 190, na zote ni zangu. Kutoka 45 mpaka 190, ndani ya sekunde mbili, bila kuonywa.

Msichana wa dawati la mbele aliuliza vipi tukichagua hali ya chini. Sikuwa nimefika huko. Hali ya chini ya mota yangu inaongeza asilimia 60 tu. Tukapiga hesabu: kwenye 25 natoa 112 au 113, mota inatoa zilizobaki. Nikivuka 26, natoka 112 kwenda 190. Bado ni mlima, lakini si ukuta tena. Hajawahi kuiona kinga yenyewe, na alikuwa amenipita kwa kalamu kama yule kijana alivyonipita kwa miguu. Mtoto mdogo wa kijijini, yule wa baba, alikuwa pale ubaoni kwa namba.

Jioni nilifanya majaribio yangu ya uani. Niliigeuza kinga, nikazima umeme, nikazungusha pedali kwa kidole kimoja. Ilizunguka laini, kama kinga yoyote yenye mafuta kwenye mnyororo. Halafu mvumo wa nyuki. Nilitafuta mteremko, nikauachia mwili bila kukanyaga kabisa. Ukiacha kukanyaga, gurudumu la nyuma linajizungukia peke yake, mnyororo na mota vimesimama. Mvumo ulikuwepo. Ulikuwa matairi. Yale meno makubwa ya mpira yaliyotengenezwa kwa ajili ya matope ya Ardennes yanapiga lami, kila moja kofi lake, na muda wote cherehani ilikuwa inayafunika. Mota ilipokuwa inanyamaza ndipo nilipokuwa nayasikia. Nilimhukumu mtu kwa kelele za jirani.

Nilipima upepo wa matairi: bari 1 na nusu. Ni sawa kwa mtu anayeruka mizizi msituni. Kwa barabara ya lami nilijaza mpaka 2 na nusu, na tofauti niliihisi kabla sijatoka getini. Baba alikuwa ameshaisema kwa dole gumba lake.

Lililobaki lilikuwa gia, na hili lilinichukua wiki kadhaa kwa kuwa ni suala la mazoea, si la pampu. Mota ikikusaidia unakuwa mvivu wa kubadili. Nilikuwa nafika 25 nikiwa kwenye gia ya nyuma yenye meno 11, ya mbele ina 34. Nilihesabu kwa saa ya mkononi: pedali 59 kwa dakika. Mwendo wa ng'ombe. Kwa mwendo huo mota ikiachia, kila mkanyago unakuwa kama kupanda ngazi ukiwa na ndoo. Sasa nafika kwenye ukomo nikiwa na meno 15, pedali zinazunguka kama mara 80 kwa dakika. Mkono ukitoka mgongoni, miguu tayari inakimbia. Nikitaka 28 naweka meno 13, nainama, viwiko ndani.

Kuinama kuna faida kuliko mafuta yote ya mnyororo. Nguvu ya kuupasua upepo haipandi sambamba na mwendo; inapanda kwa mchemraba wake. Kutoka 25 kwenda 30, ambako kioo kinaonyesha ongezeko la sehemu moja kwa tano, upepo unakudai karibu mara 1.73 ya ulichokuwa unaulipa. Na baiskeli ya milimani inakukalisha wima, mipini mipana, kifua kama mlango uliofunguliwa. Imejengwa uone njia ya mawe, siyo ujifiche. Kwenye njia za msituni, huko ilikozaliwa, 25 ni mwendo mkali na ukomo huuoni mara kwa mara. Ni sisi wa barabara tambarare tunaoishi kwenye ule mstari.

Kwa hiyo mstari wenyewe siukai tena. Hilo ndilo badiliko kubwa. Kwenda kazini naishika 22 au 23, hali ya chini, mota inanong'ona, nafika bila jasho kwenye shati. Ama, nikiwa na upepo mgongoni na hamu, navuka mpaka 28 na kubaki huko nikijua kabisa ninayelipa ni mimi. Pale katikati, kati ya 24 na 27, pa kuamka na kulala, napapita haraka kama mtu anavyopita mbele ya nyumba yenye mbwa. Na bado kuna siku za upepo wa mashariki ambapo hesabu zote zinakaa ubaoni na mimi naingia mjini kwa 16.

Yule kijana nilimpata mwezi wa kumi, jakaranda zimeshamwaga zambarau barabarani. Safari hii alikuwa anakuja mjini amepakia, magunia manne yamepanda juu ya kichwa chake, amesimama kwa mama mmoja anayeuza kinywaji cha munkoyo. Alinikumbuka yeye kwanza.

"Muzee wa moteri!"

Nikamnunulia kikombe. Niliitazama kinga yake kwa macho mapya: matairi membamba, magumu kama kuni, hakuna cha kukatika kwa kuwa hakuna cha kuwaka. Akaniuliza betri inadumu siku ngapi, inakula umeme wa pesa ngapi, kama nikipakia magunia itanyanyua. Nilimwambia kwa kilima itanyanyua kuliko anavyodhani. Akafikiri juu ya hilo muda mrefu kidogo. Kisha akaomba aijaribu, mpaka kwenye ule mti na kurudi.

Nilikuwa nimeiacha kwenye hali ya juu. Jana yake niliitumia kupanda kilima. Nilitaka kumwambia, halafu nikanyamaza. Alipanda, akakanyaga mara moja, kinga ikaruka naye, akapiga kelele ya furaha iliyowafanya watu wote wa kwa mama munkoyo wageuke. Alipungua mbele ya macho yetu. Kisha, karibu na mti, nikaona mabega yake yanaanza kuyumba kushoto na kulia, kama ya mtu anayevuta kamba kisimani. Akatazama chini kwenye mota. Akatazama gurudumu la nyuma. Akageuka kunitazama mimi.